Mama Marceline, Aliyekaa Upande wa Kichwa

Hebu mwone anavyokuja. Ni asubuhi, moshi wa kiwanda umelala juu ya mapaa ya mji wa Likasi kama mtu asiyetaka kuamka, na kutoka mtaa wa Kikula anakuja mama mmoja wa makamo, mfupi, mpana wa mabega, ameshika viatu vyeupe mkononi. Viatu ni vya hospitali. Vumbi jekundu la Kikula haliheshimu kitu cheupe, kwa hiyo miguu inatembea yenyewe na viatu vinabebwa kama watoto wachanga. Kiunoni amefunga kitenge cha kijani chenye mshono mweupe katikati, mshono mnene usiolingana na kitenge hata kidogo. Ukiutazama sana atakuambia, "Usicheke, ile mushono iko na habari yake." Na habari hiyo ndiyo hii.

Anatembea polepole, wala si kwa uvivu. Ni salamu zinazomchelewesha. Muuza maandazi ana salamu yake, fundi baiskeli ana yake, mama mkwe wa fundi baiskeli ana yake ndefu zaidi kwa sababu ya goti lake. Mama Marceline Kapya hakuwahi kumpita mtu kama mti. Ndiyo maana alikuwa anatoka nyumbani mapema kuliko wauguzi wote, na bado akawa anafika nao mlangoni.

Alizaliwa karibu na Koni, ambako maji ya mto Lufira yanazungushwa yawe umeme. Baba yake alikuwa mfyeka nyasi chini ya nyaya kubwa, kazi ya kutembea na panga mwaka mzima, ukimaliza mwisho wa njia nyasi zimeshaota mwanzo. Baba huyo alimpeleka binti yake shule ya misheni Mulungwishi, akajifunza kusoma, kupiga pasi, na kuimba sauti ya pili. Kisha akaolewa na Damas, mfanyakazi wa kiwanda, Mkatoliki wa kutoka mbali, akawa anakwenda naye misa kila Jumapili. Lakini akipiga pasi nyumbani, nyimbo zilizomtoka zilikuwa bado za Mulungwishi. Damas alikuwa anasema, "Mke wangu, miguu yake ni ya Roma, koo yake ni ya Protestanti."

Hospitali ya kampuni yenye kile kiwanda ilimwajiri kama msaidizi wa wakunga. Zilikuwa zile zama ambazo serikali ilikataza majina ya padri, yale ya ubatizo, na kila mtu akaitwa raia, basi kwenye kibandiko cha kifuani aliandikwa Citoyenne Kapya. Hakuna mgonjwa aliyemwita hivyo. Kwao alikuwa Mama Marceline, na kazi yake hasa, ile isiyoandikwa kwenye kibandiko, ilikuwa kukaa upande wa kichwa.

Ngoja nieleze. Mwanamke akilazwa kwenye kitanda cha daktari wa kina mama, daktari anakaa upande wa miguu. Upande wa kichwa kuna kigoda. Hapo alikaa Marceline. Alitoa mkono wake, mgonjwa akaubana, na Marceline akazungumza mpaka kazi iishe. Wanawake walibana vibaya sana. Pete yake ya ndoa aliivua zamani akaivaa shingoni kwa kamba, maana vidole vilikuwa vinavimba kama muhogo uliolowekwa.

Miaka mingi kazi kubwa ya chumba kile ilikuwa kukwangua. Mwanamke anatoka damu isiyokoma, au mimba imetoka haikumalizika, daktari anaingiza kijiko kirefu na kukwangua ndani ya mji wa mimba. Anakwangua bila kuona, kwa kusikiliza mkono wake tu, kama mtu anayekomba sufuria gizani. Mara nyingi ilitosha. Mara nyingine mwanamke alirudi baada ya miezi, uso umepauka, na damu ileile.

Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, akaja Daktari Placide.

Alikuwa kijana wa Bukama aliyesomea Ulaya, mrefu, mpole, mwenye haya mpaka masikio. Alikuja na sanduku jeusi ambalo hakumruhusu mtu kulibeba. Ndani yake, juu ya kitambaa, kulikuwa na mrija wa chuma mwembamba kama penseli, una kioo upande mmoja, na waya wa kuleta mwanga. Jina lake la Kifaransa lilikuwa refu kiasi kwamba Marceline alilisema mara moja, akachoka. Akauita tochi. Tangu hapo ikawa tochi.

"Citoyenne," daktari alimwambia, "tutaacha kutafuta gizani. Tutatazama kwanza, kisha ndiyo tutafanya."

"Utatazama fasi gani, docteur?"

"Ndani kabisa."

"Mama weee! Na muntu atakuwa anaishi?"

Daktari akacheka, akamtuma sokoni Kikula anunue pilipili hoho, zile kubwa, za kijani. Sokoni wakamwuliza kama daktari mpya hana mke, mbona anapika mwenyewe. Marceline akarudi na fungu zima. Daktari akaitoboa moja upande wa kikonyo, akapitisha mrija, akawasha taa, akamwambia, "Weka jicho."

Marceline aliweka jicho. Akaona pango la kijani linalong'aa, kuta zake zina mishipa, na juu yake mbegu zimening'inia kama taa za kanisa siku ya Krismasi. Alikaa pale mpaka daktari akakohoa. Aliporudi nyumbani alikataa kukata hoho ndani ya mchuzi wiki nzima. Damas alipouliza kulikoni, akasema, "Iko na chumba ndani. Unakataje nyumba ya muntu?"

Daktari alimweleza mengine. Kwamba mji wa mimba ukiwa mtupu, kuta zake zinalaliana kama mfuko wa unga uliokwisha, kwa hiyo unapuliza hewa kidogo ufunguke. Kwamba kuna vinyama vidogo vinavyoota humo kwa shingo nyembamba, vinatoa damu, vinafukuza mimba. Kijiko cha kukwangulia kinapopita, kinyama kinalala pembeni. Kijiko kikiondoka, kinainuka tena. Ukikiona kwa macho, unajua kiko wapi, unakishika, unakitoa, unatazama tena kama kimekwisha. Mwanamke analala kidogo, jioni yuko kwake anapika.

Sasa walihitaji wanawake. Jumanne, ambayo kambini huitwa Siku ya Pili, ikawekwa kuwa siku ya tochi. Hapa Mama Marceline akatoa shauri lake, na shauri lake lilikuwa baya kwa namna ambayo huwezi kuijua ila ukikaa Likasi.

"Docteur, unatafuta bamama? Bamama bote biko kwenye posho. Tutangaze kule."

Wafanyakazi wa kampuni walikuwa wakipewa posho ya unga. Kila familia ilipimiwa kwa midomo yake: baba, mama, watoto, mdomo kwa mdomo. Siku ya posho wanawake wote wa kambi ya wafanyakazi walikuwa wanasimama kantini na mifuko, na karani Michel akawa anaita kwa kipaza sauti. Daktari akaona ni shauri zuri. Marceline akampelekea Michel maneno. Na Michel, mtu wa bidii, akayatangaza katikati ya kazi, bila kuvuta pumzi:

"Familia ya midomo saba, sogea! Familia ya midomo tano, sogea! Bamama, sikieni: docteur iko na masini mupya ya kuangalia ndani ya tumbo, kila mama akuje Siku ya Pili! Familia ya midomo tisa, sogea!"

Jumanne ilifika. Marceline akapiga pasi shuka, akapanga viti kwenye varanda. Hakuja mtu. Jumanne ya pili pia. Daktari alikaa na sanduku lake kama bwana harusi aliyesahauliwa kanisani.

Habari Marceline aliipata kwenye bomba la maji, pale mwisho wa kambi, anapopita kila asubuhi. Na aliyempa alikuwa Mama Gertrude.

Gertrude alikuwa mjane mwembamba, mkavu, mwenye sauti ya kupasua kuni, aliyekaa kambini kwa mwanawe Cyrille. Yeye na Marceline walikuwa watani. Si utani wa mazoea tu. Marceline alikuwa wa ukoo wa Mvua na Gertrude wa ukoo wa Uyoga, na tangu mababu koo hizo mbili zimepewa ruhusa ya kutukanana. Mtani anaingia jikoni kwako bila hodi. Anakuambia ukweli ambao ndugu yako angeumeza. Anakuzika ukifa, na anacheka huku anakuzika. Na mtani akikuomba kitu mbele za watu, humnyimi. Ukimnyima umejitafutia mkosi.

Basi asubuhi ile Gertrude alimwona akifika, akapaza sauti: "Funikeni unga, Mvua imefika!"

"Minye nisipofika, weye utaota fasi gani?" Marceline akajibu. "Uyoga unasimama mushingo juu, kumbe ni kinyesi ya ng'ombe ndiyo inakushika."

Wanawake wakacheka, ndoo zikatikisika. Lakini Gertrude safari hii hakucheka mpaka mwisho. Akasogea karibu.

"Mvua, tuache muchezo. Ile tochi yenu, tumejua kazi yake. Kampuni inataka kuhesabu."

"Kuhesabu nini?"

"Batoto. Bale hawajazaliwa bado. Banaangalia ndani ya tumbo: huyu iko na tano babakia, huyu iko na mbili. Ndiyo wanapanga posho ya mwaka kesho. Na kama banakuta hakuna kitu? Hein? Banaandika bwana yako kama muntu iko peke yake. Nusu mufuko! Unafikiri hatuna akili? Michel alisema mwenyewe, katikati ya midomo saba na midomo tisa."

Marceline alisimama na viatu vyake mkononi. Aliona kila kitu jinsi kilivyounganika, kama uzi unaopita kwenye sindano: kantini, midomo, tumbo. Na aliyetunga ule uzi ni yeye.

Angeweza kungoja maneno yachoke, maana maneno ya bombani nayo huzeeka. Lakini kulikuwa na Suzanne.

Suzanne alikuwa mke wa Cyrille, mkaza mwana wa Gertrude, msichana mtaratibu wa macho makubwa, hana mtoto. Mimba mbili zilitoka. Tangu hapo damu ilikuwa inakuja inavyotaka, mpaka kucha zake zikawa nyeupe kama karatasi. Alikuwa amekwanguliwa mara mbili, Marceline mwenyewe alimshika mkono, na mara zote mbili damu ilirudi. Daktari mkubwa wa upasuaji alisema hivi haiwezekani kuendelea, atakufa. Baada ya Pasaka mji wa mimba utolewe wote. Ulikuwa ushauri wa kumwokoa. Daktari Placide alisema, "Labda ni kinyama kidogo tu. Lakini nisipoona, siwezi kusema." Na Suzanne akasema hapana. Kwa sababu Mama Gertrude alikuwa amesema hapana.

Fikiria hesabu ya bibi yule. Kisu ni ugonjwa, na ugonjwa haupunguzi posho. Lakini tochi ni kuhesabu, na wakihesabu watakuta sifuri. Basi afadhali kisu. Na Pasaka ilikuwa inakaribia.

Jumamosi mchana Marceline aliingia jikoni kwa Gertrude bila hodi, kama mtani anavyoruhusiwa. Akafunua chungu, akamega bonge la bukari, yaani ugali, akalichovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, akala amesimama.

"Mwizi!" Gertrude akapiga kelele. "Ile ni ya Cyrille!"

"Cyrille ananona. Chumvi haiko. Nani amepika, ni mukaza mwana ao ni weye na mikono yako ya kifo?"

"Toka kwangu, Mvua ya mawe!"

"Sitoki. Nimekuja kusema kitu, na minye niko mutani, utasikia." Akaketi kizingitini, njia yote ikazibwa na mabega yake. Suzanne alikuwa pembeni anachambua mboga, kichwa chini. "Gertrude, ile maneno ya posho ni minye. Ni minye nilipeleka kwa Michel. Nilitafuta fasi bamama banakutana, nikaona kantini, sikuona mbele. Kampuni haihesabu kitu. Ni upumbavu wangu ndiyo ilihesabu."

Gertrude akafunika chungu chake.

"Unasema tu," akasema kwa sauti ya chini. "Ile docteur anaweka jicho, anaona, anaandika. Nani anajua anaona nini? Muntu hawezi kukubali kitu jicho yake haijaona."

"Basi kuja uone na jicho yako."

"Minye?"

"Weye. Ukiona batoto wamepanga mustari na masahani mikononi, upige kelele."

Suzanne akainua kichwa. Palikuwa na kicheko mdomoni mwake, kidogo, cha kwanza kwa muda mrefu. Lakini Gertrude alikuwa amekasirika kweli.

"Weye ni kichaa! Minye niangalie uchi ya mukaza mwana yangu? Hata nikikufa! Wakwe hawaonani."

Na hapo alikuwa na haki. Huo ni mwiko, na utani wote wa duniani hauvuki mwiko. Marceline akarudi Kikula na sombe ya watu tumboni na kichwa kizito.

Jumatatu alimweleza daktari. Hakupunguza neno: kantini, midomo, nusu mfuko, mwiko wa wakwe. Alitegemea kijana yule akasirike. Daktari Placide alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaenda kwenye sanduku jeusi. Chini ya kitambaa, mahali ambapo Marceline hakuwahi kupaona, akatoa mkono mrefu wa chuma uliokunjwa kwa viungo kama mguu wa panzi.

"Hili ni jicho la pili," akasema. "Linafungwa juu ya tochi. Ninachoona mimi, linakipeleka kwa mtu mwingine, huku pembeni. Kule niliposoma alikuwa anakaa mwanafunzi. Nilidhani Likasi sitalitoa kamwe."

Marceline akaupima ule mkono kwa macho, urefu wake, unavyopinda. "Kama kuna pazia hapa katikati," akasema polepole, "jicho linapita, lakini muntu hapiti."

"Pazia lenye tundu," daktari akasema.

"Basi mwanafunzi tuko naye. Ila iko mukali."

Kwa ajili ya lile pazia, usiku ule hakukata kitenge chake cha kijani. Kitenge kizuri hakikatwi. Kilikuwa kimeunganishwa kwa vipande viwili, basi alifumua mshono katikati, urefu wa kiganja tu. Jumanne akakitundika kwenye kamba katikati ya chumba. Upande mmoja kitanda, daktari na yeye kwenye kigoda chake cha kichwani. Upande wa pili kiti kimoja, na juu yake Mama Gertrude, amevaa nguo za misa, rozari mkononi, uso umefungwa kama mlango. Alikuja. Kwa sababu Marceline alikuwa amemweleza lile pazia na kumwomba tena asubuhi ile kwenye bomba, mbele ya wanawake wote, na mtani hanyimwi mbele za watu.

Suzanne alichomwa sindano ya kutuliza. Akaubana mkono wa Marceline.

"Mama, inauma?"

"Kidogo, kama hedhi yenye hasira. Uniangalie minye. Niangalie pua, iko kubwa, utapata kazi ya kutosha."

Daktari akaingiza tochi. Hewa ikapita kwa sauti ndogo. Nyuma ya kitenge, jicho la pili lilitokeza katika tundu la mshono, na Gertrude akaliinamia kwa mashaka, kama mtu anayechungulia kisima.

Alipozungumza, sauti yake ilikuwa imebadilika, ikawa sauti ambayo Marceline hakuwahi kuisikia bombani.

"Ni... ni fasi ya rangi ya waridi. Ni chumba."

"Batoto wako ngapi?" Marceline akauliza.

"Hakuna batoto. Ni chumba tu. Iko safi." Akasogeza jicho karibu zaidi. "Docteur, na ile kule kwenye ukuta? Nyekundu, iko na mushingo. Kichwa yake ya duara. Inatikisika."

"Ndiyo hicho, mama," daktari akasema kwa furaha. "Hicho ndicho tulikuwa tunatafuta."

"Ni kama uyoga," Gertrude akasema.

Marceline hakuweza kujizuia. Mtani hajizuii. "Ndugu yako! Kumbe ni ukoo wako ulijificha humo, unakula posho ya batoto!"

Suzanne akapasuka kwa kicheko, kitanda kikatikisika, na kutoka nyuma ya kitenge kukaja mkwaruzo mkavu wa Mama Gertrude akicheka pia, bila kutaka.

"Citoyennes, tafadhali!" daktari akasema. "Mkicheka chumba kinaruka!"

Akaitoa tochi, akaingiza koleo nyembamba pale alipokuwa ameshapaona, akazungusha, akatoa. Kinyama kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe. Kitu kidogo hivyo. Akarudisha tochi. Ukuta ulikuwa mtupu, tone moja la damu, basi.

"Pamefagiwa," Gertrude akasema nyuma ya pazia. Alikuwa bado hajaondoa jicho. Kisha akauliza, bila kumlenga mtu: "Cyrille yangu... naye alikaa fasi ya namna hii? Ndani ya minye?"

"Ndiyo, mama," daktari akamjibu. "Hivyohivyo."

"Na bale wengine, bale nilizika?"

"Na wao pia."

Walimsikia akipenga kamasi. Marceline, mwenye mdomo ule, safari hiyo aliuacha utani ulale.

Siku zilizofuata damu ya Suzanne ilipungua, ikakoma. Daktari mkubwa aliitwa, akasoma, akasema vema, kisu kisubiri. Pasaka ikapita, Suzanne akiwa kanisani na mwili wake mzima.

Na bombani? Kwa siku moja Gertrude alifanya kazi ambayo kipaza sauti cha Michel kisingeifanya mwaka mzima. "Nimeona na jicho yangu! Hakuna kuhesabu! Ni chumba, bamama, iko na rangi ya waridi, hata nyumba ya directeur wa kampuni haiko namna ile!" Jumanne iliyofuata varanda ilijaa, na nyingine ikajaa zaidi, wakaja wa kambini, wakaja wa Kikula, mpaka tochi ikawa kitu cha kawaida kama kipimo cha joto. Marceline akaweka utaratibu wake. Kabla ya kumwandaa mwanamke, alimwuliza, "Weye ni wa ukoo gani?" Akiwa Uyoga, kazi ilikuwa nyepesi, matusi yalikuwa tayari. Akiwa ukoo mwingine, Marceline alizunguka hospitali kumtafutia mtani wake, awe mpishi, awe mfagiaji, aje akae kichwani amtukane vizuri. Daktari Placide aligundua kwamba mwanamke anayecheka habani misuli, na tangu hapo hakuingiza tochi kabla utani haujaanza. Mwanga wa tochi ulitoka Koni, kwa nyaya zilezile za baba yake Marceline, naye hakuacha kuwakumbusha: "Mushukuru baba yangu. Kama nyasi ingeota, leo tungeangalia na mushumaa."

Kitenge cha kijani kilirudi kiunoni. Alikishona mwenyewe kwa uzi mweupe wa chumba cha upasuaji, maana ndio uliokuwa karibu, na hakutaka kuubadilisha. Alizeeka nacho.

Sasa kuna asubuhi moja, mwishoni mwa mvua za mwaka uliofuata. Mwone tena anavyokuja, viatu mkononi, salamu kila mlango. Akapinda kona ya hospitali, akakuta kwenye ngazi ya chumba cha tochi ameketi Mama Gertrude. Ana nguo za misa. Ana kigoda chake mwenyewe. Nyuma yake Suzanne amesimama, anatazama chini, mkono mmoja juu ya tumbo, na tabasamu ambalo halihitaji daktari kulisoma.

"Umechelewa, Mvua," Gertrude akasema, kwa sauti ya varanda nzima kusikia. "Tundika kitenge. Leo nataka kuona mujukuu."

Mimba! Na papo hapo: tochi. Tochi haiingii mahali penye mtoto. Ikigusa mfuko wa maji anamolala mtoto, chumba kitabaki kitupu tena. Kilichokuwepo ni kipembe tu cha kusikilizia juu ya tumbo, na hata hicho, kwa mimba changa hivi, hakisikii kitu.

"Gertrude, ukoo wa Uyoga, ngoja kwanza..."

"Sitangoja. Ni weye ulinifundisha kuona. Minye nilisema muntu hawezi kukubali kitu jicho yake haijaona, weye ukasema kuja uone. Nilikuja. Chumba nilikiona, kitupu. Sasa iko na mwenyewe ndani, na weye unanifungia mulango?" Akageukia varanda. "Bamama, muko mashahidi. Namwomba mutani wangu mbele yenu bote."

Wanawake wote walimtazama Marceline. Suzanne naye aliinua macho, na mkono wake ukalibana tumbo zaidi kidogo.

Mama Marceline akaviweka viatu chini, akakaa kwenye ngazi kando ya mtani wake, bega kwa bega. Kumnyima ni mkosi. Kumkubalia ni mkosi mkubwa zaidi. Na yule bibi hakuwa anadai kitu kibaya. Alikuwa anataka tu kumwona mgeni kabla hajafika. Wewe uliyemwona tangu kona ya Kikula, ungekuwa umekaa pale kwenye ngazi, ungemjibu nini?